Meno Yasiyo na Kosa

Nakumbuka asubuhi moja ya manyunyu, mwanangu, nikiwa bado mke kijana hapa hapa mtaani kwetu Mbugangari. Nilikuwa nimefunga shavu langu la kushoto kwa kitambaa, nimejitanda kitenge kichwani, niko mlangoni natoka. Nilikuwa navuka mpaka pale Grande Barrière niingie Goma, kwa bwana mmoja aliyekuwa aking'oa watu meno nyumbani kwake. Alikwisha kuning'oa mawili. Siku hiyo nilikuwa nampelekea la tatu.

Mama mkwe wangu alikuwa amefika jana yake kutoka Busasamana na gunia la viazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkulima, vidole vyake vina nyufa zilizojaa ule udongo mweusi wa volkano ambao hata sabuni imeshindwa nao. Kiswahili alijifunza kwa kuuza viazi mpakani, akakichanganya na Kinyarwanda bila kumwomba mtu radhi. Jumapili alikwenda kanisani, na mwezi wa Ramadhani alitupikia futari. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya viazi vyake, akainua macho.

"Mukazana," akaniita, kwa maana ndivyo mama wa mume anavyomwita mke wa mwanawe kwetu, "unaenda wapi na hii mvua?"

"Jino linaniua, mama."

"Si walitoa lile lingine?"

"Walitoa."

"Na maumivu yakaisha?"

Akafuta mikono, akanivuta kwenye mwanga, akasema nifungue kinywa. Kilifunguka upana wa vidole viwili tu, kisha karibu na sikio kikalia ka! kama kijiti kinachovunjika. Akachungulia kwa muda.

"Jino ni zima," akasema. "Tangu jana nakuangalia pale kwa mashini yako. Mi najiuliza, huyu mutoto anashona na mashini ao na meno? Unayabana kama mutu anabeba muzigo. Utamaliza meno yote, na maumivu yatabakia kwa ufizi."

Nilicheka kidogo, cheko la adabu. Yeye hakucheka. Aliweka kiganja chake juu ya shavu langu, polepole, na mimi nikarudi nyuma kabla sijajua kwamba narudi nyuma. Mkono wake ukabaki hewani.

"Nani alikuwa anakupiga?" akauliza.

"Hakuna mutu, mama. Niliangukaka zamani, nikiwa mutoto."

"Ulianguka."

"Ndiyo."

Akanitazama, mwanangu, jinsi mtu anavyotazama mlango ambao anajua mwenyewe yumo ndani. "Bon, sawa," akasema. "Siku ukitaka kusema kitu kingine, mi niko." Akarudi kwenye viazi vyake. Mimi nikatoka na mvua yangu, nikavuka mpaka, nikang'olewa. Wiki haikwisha maumivu yakarudi mahali pale pale, safari hii hakuna hata jino la kusingizia. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wangeongeza kwamba wengine hupoteza magego.

Sasa nikueleze nilichokuwa nimekificha.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana. Baba alikuwa mfanyabiashara wa kwenda Kigoma na kurudi, na mtu wa safari hawezi kulea mtoto wa kike barabarani. Akanipeleka kwa kaka yake, baba yangu mkubwa, mtu mwenye malori na nyumba ya bati jipya karibu na ziwa. Mtu huyo msikitini alikaa safu ya mbele. Sikukuu ya Idd ilipofika aligawa nguo kwa mayatima, na mimi nilikuwa wa kwanza kupewa, mbele ya watu.

Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Alinipiga kwa kiganja, usoni, upande huu wa kushoto. Alinipiga wali ukishika chini ya sufuria. Alinipiga nikicheka wageni wakiwepo. Siku nyingine sikujua sababu, na kutoijua nako kukawa sababu. Lakini kilichonibakia zaidi ya kofi ni maneno yaliyofuata. Hakupaza sauti. Alisema taratibu, kama mtu anayeomba chai: "Funga kinywa. Nikisikia sauti yako, tunaanza upya."

Basi nilijifunza kulia nikiwa nimefunga kinywa. Nilibana meno ya juu na ya chini mpaka masikio yakavuma, nikangoja kilio kipite kama unavyongoja lori lipite kwenye njia nyembamba. Kuna msemo wa Kinyarwanda kwamba machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni. Yangu, mtoto wa kike, hayakufika hata huko. Yaliishia kwenye taya.

Mke wake aliona. Usiniulize kama aliona. Alikuwa akiinamisha macho, na bwana akitoka aliniletea maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ananikanda, ananiambia, "Ihangane, mwanangu. Vumilia. Ndiye anayekulisha." Sikumlaumu siku zile na leo simlaumu sana. Naye alikuwa na mashavu. Mkono usioweza kuukata, ubusu, na sisi wawili tuliubusu kila asubuhi tukimwamkia shikamoo.

Niliolewa. Hamisi, mume wangu, alikuwa dereva wa magari ya abiria, mtu mpole, mwenye kupenda utani. Nikadhani yamekwisha. Nani asingedhani? Nilikuwa na nyumba yangu, cherehani yangu, mlango ninaoufunga mwenyewe. Lakini mwili, mwanangu, haukuhudhuria ile harusi. Ulibaki kule kule kwa baba mkubwa ukingojea kofi.

Niliamka asubuhi taya limekaza, nikalisukuma kwa vidole kama bawaba yenye kutu. Kichwa kiliuma pande zote mbili za paji. Sikio liliuma, wakanitilia dawa ya sikio. Mahindi ya kuchoma sikuyaweza, nyama sikuiweza, hata vile visamaki vyetu vidogo vya sambaza vilivyokaangwa vikavu niliviloweka kwenye mchuzi kama kikongwe. Jirani mmoja akasema nimerogwa na mtu anayeuonea wivu ushonaji wangu. Na pamoja na maumivu hayo kulikuwa na kitu kingine nisichokuwa na jina lake. Machozi yalinitoka nikiwa napiga pasi sare za shule, bila mtu kunikosea. Moyo ulikimbia nikisikia mlango wa gari ukibamizwa. Siku nzima zilipita sitaki kusema na yeyote, na kadiri nilivyonyamaza ndivyo taya lilivyozidi.

Siku moja Hamisi alirudi mchana, akainua mkono kutundika koti lake msumarini. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya ule msumari. Nikajikunyata, mikono usoni.

Alisimama na koti lake mkononi. "Mama Zulfa," akasema, "mimi nimekupiga lini?"

"Hujanipiga."

"Donc, sasa unaogopa nini?"

"Nilishtuka tu."

Aliyeumwa na nyoka akiona kamba hushtuka. Lakini Hamisi hakumjua nyoka, aliiona kamba tu, na kamba ilikuwa yeye. Tangu siku ile alianza kuingia nyumbani akikohoa kwanza, ili nijue anakuja. Hakuuliza tena. Mume mwema akawa anapiga hodi ya kikohozi kwenye nyumba yake mwenyewe, na mimi nikamwacha afanye hivyo miaka mingi. Hilo nalijutia.

Linaloniuma zaidi ni la binti yangu Zulfa. Alipoanza kusema vizuri, alizoea kuja asubuhi kusimama mbele yangu, ananitazama uso. "Mama, umenikasirikia?" Nami nikamjibu kwa meno yaliyobanana, "Hapana, mtoto wangu, jino linauma." Akitoka, kesho anarudi na swali lile lile. Baadaye akaacha kuuliza. Nikadhani amekua, ameelewa. Kumbe mtoto hakuacha kuuliza kwa sababu amepata jibu, aliacha kwa sababu alijijibu mwenyewe.

Mama mkwe wangu alifariki Zulfa akiwa bado mwanafunzi wa shule. Ugonjwa wake ulikuwa mfupi, nikamuuguza, nikamwosha, nikamlisha uji. Tulikaa wawili, jioni nyingi tukiwa peke yetu, na kila jioni neno lilinifika hapa kooni. Nikasema nitamwambia akipata nafuu. Hakupata nafuu. Majuto ni mjukuu, huja kinyume, na huyu wangu nimekaa naye mpaka leo.

Miaka ikapita, ndipo akafa baba mkubwa. Alikufa mzee, kitandani pake, watu wamemzunguka. Matangani watu walijaa uani mpaka barabarani, na kila aliyesimama alisema mema, na mengi katika mema hayo yalikuwa kweli. Hilo ndilo gumu. Kama angekuwa mbaya kwa kila mtu, ningeweza kumnyooshea kidole. Lakini mimi kumshtaki ni kumvua nguo marehemu mbele ya mayatima aliowavisha.

Upande wa wanawake, shangazi mmoja akanigeukia. "Mariamu, wewe alikulea kama mutoto wake wa tumbo. Sema na wewe neno la shukrani."

Nyuso zote zikanielekea. Nikataka kusema, niseme nini sijui, pengine ningeshukuru, nilikuwa nimezoea. Taya halikufunguka. Nikalisukuma kwa mkono, halikufunguka. Kinywa kilikuwa kimejifunga kama sanduku, na sauti iliyotoka ilikuwa mlio puani.

"Yoo, maskini," wakasema. "Uchungu umemukaba. Alimupenda sana."

Wakanipepea kwa mitandio, wakaniletea chai ambayo haikupita. Nililia, mwanangu, na wote wakaniona mtoto mwenye shukrani kuliko wote.

Kulipokucha bado nilikuwa vile vile, nikinywa maji kwa upenyo wa meno. Hamisi akanichukua hospitali. Tulipokewa na daktari wa meno, msichana wa umri wa Zulfa, mwenye sauti ya chini. Akanikanda mashavu kwa vidole vyenye glavu, kila mara akisema kwanza: sasa nakugusa hapa, sasa nakugusa pale. Sikurudi nyuma. Akapiga picha ya mifupa, akaitazama, kisha akamwambia Hamisi kwa heshima, "Papa, utusubirie inje kidogo."

Mlango ulipofungwa akaketi, akashusha kiti chake kisiwe juu ya changu. "Mama, meno yaliyobaki ni mazima. Yale yaliyotoka sikuyaona, siwezi kuapa, lakini sidhani yalikuwa na kosa. Kinachouma ni misuli ya taya na kiungo hiki karibu na sikio. Umeyabana meno miaka mingi sana." Akavua glavu zake. "Kuna swali nawauliza watu wote wenye maumivu kama haya, si wewe peke yako. Kuna mutu alishakuumiza? Zamani, ao hata sasa?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari umelishika lile neno. Nilianguka. Lilikuwa pale, limezoea njia. Sijui kilichonizuia. Labda nilichoka. Labda ni kwa kuwa yule mwenye kiganja alikuwa ardhini tangu jana na hakukuwa na wa kuanza upya.

Nikasema. Meno yamefungana, maneno yakitoka yamepondwa, mate yakinitoka kama mtoto, nikasema. Nikataja kiganja, nikataja upande, nikataja yale maneno. Na nikalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu utoto, mpaka nikaisikia sauti yangu mwenyewe nikaiona ngeni.

Yule binti hakuniambia ihangane. Alisema, "Haikuwa kosa lako, mama." Kisha akaacha nilie.

Baadaye alinieleza vizuri, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Si kila mwenye maumivu ya taya amepigwa. Wengine ni ajali, wengine ni namna meno yanavyokutana, wengine ni mawazo ya maisha. Lakini mwili uliolelewa katika hofu hujifunza kujikaza, na hausahau eti kwa sababu tu hofu imeondoka. Na maumivu na huzuni ni ndugu wa nyumba moja: huyu akiamka humwamsha mwenzake. Ukitibu mmoja ukamwacha mwingine, umefanya nusu ya kazi.

Akanifundisha kukanda kwa kitambaa cha moto, kula laini kwa muda, kuyaacha meno yasigusane nikiwa kazini. Akanitengenezea kifuniko cha plastiki cha kuvaa kwenye meno wakati wa kulala. Na akanituma kwa mama mmoja mshauri, ambaye kazi yake ni kusikiliza. Kwa huyo nilikwenda kwa shida. Wanyarwanda tuna neno, ihahamuka, la mtu ambaye mambo aliyoyapitia yamemrudia na kumtikisa. Nilikuwa nadhani neno hilo ni la walioona vita. Niliona haya kulichukua, mimi niliyepigwa tu nyumbani kwa sababu ya wali. Yule mama akaniuliza kama mtoto wa miaka minane anajua tofauti.

Hamisi nilimwambia siku ile ile, tukitembea kurudi kando ya ziwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama akageukia maji. Alikuwa amebeba jeneza la yule mtu begani siku moja iliyopita.

"Ungeniambia," akasema, "nisingelibeba."

"Ndiyo maana sikukuambia."

"Miaka yote hii nilifikiri mi ndiye mubaya."

Nikamshika mkono. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Zulfa alikuja kutoka Kigali, ameshakuwa mtu mzima na kazi yake. Nilimketisha, nikamwambia. Alilia, akanikumbatia. Halafu akasema jambo ambalo sijalipatia dawa. "Mama, mi nilikuwa natembea kwa ncha za vidole humu ndani. Nilijua hunipendi, nikawa nasoma kwa bidii ili siku moja unipende." Hakulisema kwa lawama, na kukosekana kwa lawama ndiko kulikonivunja. Uso wangu ulikuwa umebana kwa ajili ya mtu mwingine, na mtoto akausoma kama barua yake. Tunazungumza sasa, karibu kila siku, na tunacheka. Lakini yule mtoto aliyekuwa akisimama mbele yangu asubuhi amekwisha kukua. Siwezi kumwita arudi nimjibu upya.

Mimi sijapona kabisa, nisikudanganye. Zipo asubuhi ninazoamka limekaza, hasa nikiwa na jambo moyoni. Tofauti ni kwamba sasa najua ni nini, sikimbilii koleo la kung'oa meno. Mahindi ya kuchoma nakula, polepole, kwa upande wa kulia.

Basi sikiliza, mwanangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi niliumbuliwa na kifo ambacho hata si changu. Ukiumwa, mwone daktari, akuangalie meno, sikio, mifupa, vyote. Lakini ukifika kwake usimpelekee shavu peke yake. Mpelekee na historia ya shavu. Kama mtu alikuumiza, si lazima uwaambie watu wote, wala si lazima usimame matangani. Tafuta mmoja wa kuaminika umwambie, na umwambie angali hai. Na kama mkono huo bado unakupiga leo, usingoje uzeeke wenyewe. Toka, sema, omba msaada, na aliyekuambia vumilia msamehe lakini usimtii. Na wewe uliye mzazi, ukimwadhibu mtoto kisha ukamkataza kulia, jua kwamba kilio hakikwenda popote, umekihamishia tu mahali utakapolipia baadaye, au atalipia mjukuu wako. Ukimwona mtoto wa mwenzio anarudi nyuma unapoinua mkono, muulize. Akisema alianguka, muulize tena siku nyingine, kwa upole, na tena.

Mungu akulinde na mkono wa nje na mkono wa ndani. Akupe nyumba ambayo hakuna anayekohoa kabla ya kuingia, na watoto wanaouliza wakajibiwa. Pale ulipoumizwa asipaache peke yake. Chakula chako kiwe kitamu kinywani, na neno lako likitoka lipate mtu wa kulipokea. Amina, mwanangu. Amina.